Mahekalu Yasiyovuma ya Japani na Bustani Zake

Japani ina mahekalu ya Kibuddha zaidi ya 70,000, yaliyotapakaa kuanzia katikati ya miji mikubwa hadi kwenye mabonde ambako basi hupita mara chache kwa siku, lakini wageni wengi wanaofika nchini humo huishia kuzuru machache tu ambayo picha zake zimeenea duniani kote. Kinkaku-ji, lenye jumba lililofunikwa kwa dhahabu mjini Kyoto, na Kiyomizu-dera, lenye roshani kubwa ya mbao iliyojengwa juu ya mteremko wa kilima, hupokea makundi ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na msongamano huo umezidi kwa kuwa idadi ya wageni wanaoingia Japani kwa mwaka ilifikia takriban milioni 36.9 mwaka 2024. Mahekalu hayo yanastahili sifa zake. Hata hivyo, umaarufu wenyewe umeyabadilisha, kwa maana bustani iliyobuniwa ili watu wachache waketi kimya na kuitazama kwa muda mrefu haiwezi kumfunukia mtu anayesukumwa na foleni iliyo nyuma yake.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuyatafuta mahekalu yasiyovuma. Mengi kati yake yana majengo, sanamu na bustani ambazo kwa umri na kwa ustadi zinalingana na zile za mahekalu mashuhuri, na zaidi ya hapo yamehifadhi kile ambacho bustani ya hekalu inakihitaji kuliko kitu kingine chochote, yaani utulivu, nafasi ya kukaa, na muda wa kuangalia bila haraka. Kwa msomaji anayetaka kuelewa Ubuddha wa Kijapani na sanaa iliyozaliwa nao, safari ya kwenda katika mahekalu haya ni mlango ulio wazi zaidi, mradi ajue kwanza anachokiangalia.

Bustani zilizochora Nchi Safi

Ubuddha uliingia Japani katika karne ya 6 kutoka ufalme wa Baekje, uliokuwa katika rasi ya Korea, na maandishi ya kale hutofautiana kuhusu mwaka wenyewe, mengine yakitaja 538 na mengine 552. Ujuzi wa kutengeneza bustani zenye mabwawa na visiwa nao ulitoka bara, yaani China na Korea, na kufikia karne ya 11 ulikuwa umekomaa kiasi cha kuandikiwa kitabu cha mwongozo kiitwacho Sakuteiki, ambacho humshauri fundi asilazimishe umbo analolitaka bali alitazame jiwe lenyewe na kufuata linavyoelekea kusimama.

Katika karne hiyo hiyo watu wa tabaka la juu walishikwa na hofu ya kidini. Kulikuwa na imani kwamba mwaka 1052 ulikuwa mwanzo wa zama za mwisho, ambapo mafundisho ya Buddha yangefifia na mwanadamu asingeweza tena kujiokoa kwa juhudi zake mwenyewe. Kimbilio lilikuwa Amida, Buddha wa magharibi, ambaye inaaminika kwamba huwapokea wanaolitaja jina lake katika makazi yake yaitwayo Nchi Safi. Kutokana na imani hiyo ilizaliwa bustani ya aina ya pekee, ambayo kwa Kijapani huitwa jodo teien: bwawa lilichimbwa mbele ya jumba la Amida ili anayesimama ng'ambo ya mashariki aone jumba, sanamu na vivuli vyake majini kana kwamba anaiona Nchi Safi kwa macho yake.

Mfano unaojulikana zaidi wa fikra hii ni Byodo-in ya mji wa Uji, ambayo jumba lake la mwaka 1053 limechorwa kwenye sarafu ya yeni 10. Wachache zaidi hufika Joruri-ji, hekalu dogo lililo kati ya vilima vya kusini mwa mkoa wa Kyoto, karibu na mpaka wa Nara, ingawa hapo fikra hiyo imehifadhiwa kwa ukamilifu usio na mfano. Upande wa magharibi wa bwawa lipo jumba refu la mwaka 1107, na ndani yake zimepangwa kwa mstari mmoja sanamu tisa za Amida zilizopakwa dhahabu, kwa sababu maandiko husema kwamba kuna daraja tisa za kuzaliwa upya katika Nchi Safi, kila mtu kwa kadiri ya matendo yake. Majumba ya aina hii yalijengwa kwa wingi katika zama hizo, lakini hili pekee ndilo lililobaki pamoja na sanamu zake zote. Upande wa mashariki, juu ya mteremko, unasimama mnara wa ghorofa tatu ulioletwa kutoka mjini Kyoto mwaka 1178, ambamo anakaa Yakushi, Buddha wa uponyaji. Mpangilio wote una maana: Yakushi humsindikiza mwanadamu kutoka mashariki, ambako jua huchomoza, akiwa na dawa ya mateso ya maisha, na Amida humpokea magharibi, ambako jua huzama, na bwawa lililo katikati ndilo safari yenyewe. Mgeni hushauriwa kuanza upande wa mnara, ageuke alitazame jumba la Amida kupitia maji, ndipo azunguke na kuingia ndani.

Njia ya miguu inayounganisha Joruri-ji na hekalu jirani la Gansen-ji ni sehemu ya ziara hiyo. Kando yake, juu ya miamba, zimechongwa sanamu nyingi za Kibuddha, mojawapo ikiwa ya Amida na wafuasi wake wawili iliyochongwa mwaka 1299, ambayo wenyeji huiita Buddha anayecheka kwa sababu ya uso wake wenye tabasamu. Wakulima wa eneo hilo huning'iniza mboga na matunda kwenye vibanda visivyo na muuzaji, na mpita njia huchukua anachotaka na kuacha pesa ndani ya kopo.

Mbali kaskazini, katika mji wa Hiraizumi, mkoa wa Iwate, Motsu-ji huonyesha upande mwingine wa historia hiyo. Katika karne ya 12 watawala wa ukoo wa Fujiwara wa kaskazini walijenga hapo hekalu kubwa sana, lakini mioto na vita viliteketeza majengo yake yote ya kale, na kilichosalia ni bwawa, ufuo wake wa kokoto, jiwe refu lililoinama majini, na mfereji wenye mawe uliofukuliwa na wanaakiolojia. Hata hivyo, bustani hiyo iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya Hiraizumi, kwa kuwa udongo, maji na mawe vilihifadhi mpango wa wajenzi baada ya mbao kuteketea.

Mawe, changarawe na kazi ya kila siku

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 12 yalienea Japani madhehebu ya Zen, yaliyotoka China na yanayosisitiza kutafakari kwa kuketi, ambako huitwa zazen, pamoja na kufanya kazi za kawaida kwa umakini kamili, ambako huitwa samu. Mtu aliyeacha alama kubwa katika bustani za Zen ni mtawa Muso Soseki, aliyeishi kati ya mwaka 1275 na 1351. Jina lake huhusishwa hasa na mahekalu mashuhuri ya Kyoto, lakini kazi zake zinaweza kuonekana pia katika Zuisen-ji ya Kamakura, ambako bwawa na pango la kutafakari vilichongwa moja kwa moja kwenye jabali lililo nyuma ya hekalu, na katika Eiho-ji ya mji wa Tajimi, mkoa wa Gifu, ambako daraja lililopinda, lenye kijumba katikati yake, huvuka bwawa kuelekea kwenye jumba la karne ya 14.

Aina ya bustani ambayo wageni wengi huihusisha na Zen ni karesansui, yaani bustani kavu, ambamo mandhari ya milima na maji hutengenezwa bila maji yoyote: mawe makubwa husimama badala ya milima na visiwa, na changarawe nyeupe iliyopigwa reki kwa mistari husimama badala ya mto au bahari. Bustani hii haikutengenezwa ili watu watembee ndani yake, bali hutazamwa kutoka kwenye baraza ya mbao inayozunguka makao ya mtawa mkuu, na kwa hiyo kimo cha macho ya mtu aliyeketi ndicho kipimo kilichotumiwa na fundi. Anayeitazama akiwa amesimama huiona kama ramani, ilhali anayeketi huona mawe yakikingana, umbali ukiongezeka, na mistari ya changarawe ikianza kuonekana kama mawimbi.

Mistari hiyo haidumu. Upepo, mvua, ndege na majani huifuta, na mtawa au mtumishi wa hekalu huichora upya kwa reki nzito ya mbao, akirudi kinyumenyume ili asiache nyayo, jambo ambalo wasomaji waliokulia katika nyumba zenye uwanja wa udongo unaofagiliwa alfajiri hadi ukabaki na alama za ufagio wanaweza kulielewa upesi. Kuvumwani, yaani mimea midogo laini inayotandaa kama zulia la kijani juu ya udongo wenye kivuli na unyevu, nayo huhitaji mikono ya watu, kwa sababu majani yanayoanguka lazima yaondolewe polepole kwa fagio laini na magugu yang'olewe moja moja. Katika hekalu kubwa lenye wageni wengi kazi hii hufanywa kabla ya milango kufunguliwa, lakini katika hekalu dogo mgeni huweza kuikuta ikiendelea, na pengine hakuna kinachoeleza Zen kwa ufasaha zaidi kuliko mtu mzima aliyechuchumaa saa nzima akisafisha eneo lisilozidi mkeka mmoja.

Mahali pazuri pa kuona historia ndefu ya bustani kavu ni viunga vya Tofuku-ji, kusini-mashariki mwa Kyoto. Hekalu kuu hujaa watu mwezi Novemba, majani ya miti ya mepo yanapogeuka mekundu, lakini mahekalu madogo yaliyo ndani ya viunga hivyo hivyo, kama vile Komyo-in na Funda-in, huwa na utulivu karibu mwaka mzima. Hapa ndipo alipofanya kazi Shigemori Mirei, mbunifu wa bustani aliyezaliwa mwaka 1896 mkoani Okayama na kufariki mwaka 1975. Baada ya kimbunga kikubwa cha mwaka 1934 kuharibu bustani nyingi, ilidhihirika kwamba haikuwapo michoro ya vipimo ambayo ingewezesha kuzirejesha zilivyokuwa, naye akaanza kuzunguka nchini akizipima bustani za kale moja baada ya nyingine, akachapisha matokeo yake katika juzuu 26. Mwaka 1939 alitengeneza bustani nne zinazozunguka makao ya mtawa mkuu wa Tofuku-ji, ambako watawa walimpa sharti moja, kwamba kwa mujibu wa kanuni ya Zen ya kutotupa chochote, vifaa vilivyokwisha kutumika vitumiwe tena. Kutokana na sharti hilo vibamba vya mawe vya njia ya zamani vilipangwa pamoja na kuvumwani kama miraba ya ubao wa drafti, na nguzo fupi za mawe zilizokuwa msingi wa jengo la hekalu zikawa nyota saba za Dubu Mkubwa. Mwaka huo huo alitengeneza bustani ya Komyo-in na kuikarabati ile ya Funda-in, ambayo kwa mapokeo huhusishwa na Sesshu Toyo, mtawa na mchoraji mkubwa wa karne ya 15.

Sesshu huyo huyo hutajwa kuwa mbunifu wa bustani ya Joei-ji katika mji wa Yamaguchi, magharibi kabisa mwa kisiwa cha Honshu, mji ambao watalii wengi huupita ndani ya treni ya mwendo kasi bila kushuka. Alikuwa amekwenda China mwaka 1467 na kurudi mwaka 1469, na mawe ya Joei-ji yenye kingo kali, yaliyosimamishwa juu ya uwanja wa nyasi mbele ya bwawa na msitu, yanakumbusha mapigo ya brashi yake ya wino.

Mlima ulioazimwa

Mbinu nyingine inayodhihirika vizuri katika mahekalu yaliyo pembeni ni ile iitwayo shakkei, yaani mandhari ya kuazima, ambapo fundi huichukua milima iliyo nje ya ukuta na kuifanya sehemu ya bustani yake. Entsu-ji, kaskazini mwa Kyoto, ilikuwa awali makazi ya mapumziko ya Mfalme Go-Mizunoo, nayo ikageuzwa kuwa hekalu mwaka 1678. Mbele ya baraza kuna kuvumwani na mawe yaliyolazwa chini, kisha ua mfupi wa miti iliyokatwa sawasawa, kisha mashina marefu yaliyosimama kama nguzo za dirisha, na nyuma yake, mbali kabisa, mlima Hiei. Bila mlima bustani hiyo isingekuwa na maana, na kwa kuwa mlima hauwezi kuhamishwa, hatari ilitoka kwenye majengo yaliyokuwa yakiongezeka kati yake na hekalu. Mwaka 2007 jiji la Kyoto liliweka kanuni kali za kulinda mandhari, ambazo zilipunguza kimo cha majengo na kuzilinda kisheria taswira kadhaa za jiji, ile ya Entsu-ji ikiwa miongoni mwake. Uamuzi huo, ambao uliwagharimu wenye ardhi, ni ushahidi kwamba jamii inaweza kukubali kwamba upeo wa macho nao ni mali ya wote.

Raikyu-ji, katika mji mdogo wa Takahashi mkoani Okayama, hutumia mbinu hiyo hiyo kwa namna ya uchangamfu zaidi. Bustani yake huhusishwa na Kobori Enshu, aliyeishi kati ya mwaka 1579 na 1647, mtawala, bingwa wa chai na mbunifu, ambaye alikaa katika hekalu hilo akiwa kijana alipoirithi kazi ya baba yake ya kusimamia eneo hilo. Vichaka vya azalea vimepogolewa vikawa mawimbi makubwa ya mviringo yanayogongana chini ya mteremko, mawe yamesimamishwa kuwakilisha korongo na kasa, ambao ni alama za maisha marefu, na mlima Atago umeazimwa kwa mbali.

Mahekalu hayaishi kwa uzuri peke yake

Ni kosa kudhani kwamba mahekalu haya yamefika leo kwa sababu hakuna aliyeyagusa. Katika karne ya 17 serikali ya watawala wa kijeshi waitwao shogun, iliyotaka kuukomesha Ukristo, iliilazimisha kila familia kujiandikisha katika hekalu, na michango ya familia hizo, hasa ya mazishi na kumbukumbu za wafu, ikawa riziki ya mahekalu. Baada ya mageuzi ya mwaka 1868 serikali mpya iliutenganisha Ubuddha na Ushinto, dini ya asili ya Japani, na miaka iliyofuata sanamu zilivunjwa, mahekalu mengi yakafungwa, na ardhi kubwa ya mahekalu ikatwaliwa na dola. Leo tishio ni jingine: vijiji vinapoteza watu, vijana wanahamia mijini, familia zilizokuwa zikichangia zinakwisha, na maelfu ya mahekalu hayana mtawa mkazi.

Baadhi yamefufuliwa na watu wa kawaida. Otagi Nenbutsu-ji, iliyo mwisho wa njia ya Saga, magharibi mwa Kyoto, iliharibiwa na kimbunga mwaka 1950 na kubaki karibu gofu, hadi mwaka 1955 alipokabidhiwa Nishimura Kocho, mtawa aliyekuwa pia mchongaji na mkarabati wa sanamu. Kati ya mwaka 1981 na 1991 aliwaongoza watu wasio wachongaji, kila mmoja akachonga sanamu yake ya mawe ya rakan, yaani mfuasi wa Buddha aliyefikia uelewa, na leo sanamu 1,200 zimejaa kwenye mteremko, nyingine zikicheka, nyingine zikisali, zote zikiwa zimeanza kufunikwa na kuvumwani.

Kwa mtazamo huo, ada ya kiingilio, ambayo katika mahekalu mengi madogo ni kati ya yeni 300 na 600, ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiyo inayosaidia kuwalipa wapogoaji na kukarabati mapaa. Ndivyo ilivyo pia kwa goshuin, mwandiko wa wino unaoambatana na mihuri myekundu, ambao mgeni huandikiwa katika daftari maalumu baada ya kusali, na ambao haufai kuchukuliwa kama kumbukumbu ya kununua tu.

Anayepanga safari ya namna hii anahitaji mambo machache. Abebe pesa taslimu, kwa kuwa mahekalu mengi ya mashambani hayapokei kadi. Aangalie ratiba ya basi la kurudi kabla hajashuka. Na akumbuke kwamba mengi huacha kupokea wageni karibu saa kumi au saa kumi na nusu jioni, na kwamba mengine hufunguliwa majira fulani tu ya mwaka. Viatu huvuliwa kabla ya kupanda kwenye baraza, na picha hazipigwi ndani ya majumba yenye sanamu. Jiwe dogo lililofungwa kwa kamba nyeusi na kuwekwa katikati ya njia ni ishara kwamba upande huo haupitiki. Mwezi Juni, ambao wengi huukwepa kwa sababu ya mvua, ndio wakati kuvumwani inapokuwa na rangi iliyokolea kuliko wakati wowote.

La muhimu kuliko yote ni kupunguza idadi. Mahekalu mawili kwa siku, kila moja likipewa muda wa kutosha kuketi, hutoa elimu ambayo mahekalu manane ya kupitia haraka hayawezi kuitoa. Umaarufu ukiyafikia mahekalu haya kwa kishindo, utayaletea msongamano ule ule uliowakimbiza watu Kinkaku-ji, na yakisahauliwa kabisa, paa litavuja na bwawa litajaa matope. Kinachoyafaa ni wageni wachache wanaokuja mwaka mzima, wanaolipa kiingilio, wanaoketi na kunyamaza, na wanaotambua kwamba bustani iliyotengenezwa miaka 500 au 900 iliyopita ipo leo kwa sababu katika kila kizazi alipatikana mtu aliyekubali kuifagia.